Kola Inayosimama: Mafundi wa Mpondwe na Mshono wa Kichina

Kola ya Kichina ni kitu kidogo sana kwenye shati. Ni ukanda wa kitambaa wenye kimo cha inchi moja na nusu hivi, unaoizunguka shingo na kukutana mbele bila kukunjwa. Haina tai ya kuificha, wala ncha mbili za kulalia kifuani na kufunika mshono ulio chini yake. Kosa la fundi huonekana pale pale, na ustadi wake pia. Siku za soko kubwa la Mpondwe, wilayani Kasese, Jumanne na Ijumaa, ukisimama kando ya barabara inayotoka Bwera kwenda mpakani mwa Uganda na Kongo utaiona ikipita: kwenye shati la mwalimu, la mchungaji, la wakala wa forodha, la kijana wa bodaboda anayebeba watu na mizigo. Mashati ni ya kitenge, ya rangi zisizoogopa jua, na kola imesimama.

Nimekuwa nikiwatazama mafundi wanaoishona kwenye vibaraza vya maduka, na kila nikiwatazama heshima yangu kwao huongezeka. Watu huzungumzia mavazi ya jadi kana kwamba hujihifadhi yenyewe kwa nguvu za mababu. Ninavyoona mimi, vazi la jadi, liwe la kwetu au la Wachina, hudumu pale linapoweza kuvaliwa siku ya kazi, kwenye vumbi, kwenye mvua, kwenye foleni ya forodha. Na anayelifikisha kwenye siku ya kazi ni fundi.

Wachina wenyewe wana namna nyingi za kufunga shingo. Qipao, vazi la wanawake lililopata umbo lake Shanghai katika miaka ya 1920, lina kola ya kusimama na ufunguzi unaoanzia kooni ukashuka kwa mshazari hadi kwapa la kulia. Koti la wanaume lililopewa jina la Sun Yat-sen, ambalo dunia ililijua baadaye kama koti la Mao, hufungwa vifungo mpaka kooni. Kola yake hulala, lakini hulala juu ya kitako kinachosimama. Kwetu koti hilo liliingia pamoja na siasa. Waziri Mkuu wa China, Chou En-lai, alizuru Tanzania Juni 1965, na suti ya namna hiyo ikaitwa kwa jina lake, suti ya Chuenlai. Mwalimu Nyerere aliivaa, na maofisa wakamfuata. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ulio mpakani, katika Zaire ya Mobutu, sera ya kurudi kwenye uasili iliwavua wanaume suti na tai za Kizungu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Badala yake wakavaa abacost, koti lisilohitaji tai, lenye undugu na koti la Mao. Ruhusa ya kuvaa tai ilirudi mwaka 1990.

Mpondwe iko katikati ya historia hizo. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu kwa lugha na kwa kuoana, na mpaka huvukwa kwenda sokoni, msibani na harusini. Mitindo nayo huvuka. Vijana wa leo wameiacha kola inayolala na kubaki na kitako peke yake, kikiwa kimesimama, wakakitia kwenye shati la kitenge. Koti la itifaki limekuwa shati la kwendea kazini.

Mtu akiniuliza kama hilo ni kuharibu jadi ya watu, humwonyesha qipao na gomesi. Qipao ilizaliwa pale mafundi wa Shanghai walipolichukua joho pana la Kimanchu na kulikata lifuate mwili wa mwanamke anayetembea mjini. Gomesi, ambayo leo hakuna anayeshuku kwamba ni vazi la mama wa Uganda, inahusishwa na fundi Mgoa, Caetano Gomes, na wasichana wa shule ya Gayaza mwanzoni mwa karne ya 20. Mshipi wake mpana, mabega yaliyochongoka na shingo ya mraba yenye vifungo viwili upande wa kushoto vilitoka kwenye mkasi wa mtu. Mavazi yote mawili yalianza kama kazi mpya ya fundi, yakazeeka kwa heshima kwa sababu yalishonwa vizuri.

Kitambaa nacho kina safari yake. Ufundi wa kuchora kwa nta ulikuwa wa watu wa Java. Waholanzi waliuiga kwa mashine, na kampuni ya Vlisco ya mjini Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846, bado inachapa vitenge ambavyo akina mama wa Kongo huvipokea kama mahari. Lakini vitenge vingi vinavyovaliwa kila siku leo vinatoka China, Hitarget ikiwa jina linalojulikana na kila muuzaji. China ilikuwa imeshatia mkono kwenye nguo zetu kabla ya hapo: kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichozinduliwa mwaka 1968, kilijengwa kwa msaada wake, kikachapa khanga na vitenge. Siku hizi wafanyabiashara wa mji wa Butembo, Kongo, wanaosifika kwa kwenda wenyewe hadi Guangzhou kuagiza bidhaa, hushusha makontena yao Mombasa, yakavuka Kenya na Uganda na kuingia Kongo kwa Kasindi, ng'ambo ya Mpondwe. Kitenge kinaweza kupita Mpondwe ndani ya kontena, kisha kikarudi kuvuka mpaka ule ule begani mwa mama anayeuza kipande kimoja kimoja. Hata cherehani nyeusi ya kukanyaga iliyo mbele ya fundi, kama si Singer ya zamani, mara nyingi ni Butterfly ya Shanghai.

Kola, kitambaa na cherehani vyote vina asili ya mbali. Kinacholifanya shati kuwa la Mpondwe ni mikono, na hapo ndipo napenda kukaa.

Kazi huanza kwa maji. Kitenge kipya huja na wanga wa kiwandani, na pamba ikilowa hunywea. Fundi asiyekilowesha na kukianika kwanza atashona kola inayotosha leo, na baada ya kufuliwa mara mbili itamkaba mwenyewe. Kwa kukilowesha pia hujua alichoshika. Kitenge cha nta cha kweli huonyesha rangi zilezile pande zote mbili, na mistari myembamba isiyofanana pale nta ilipopasuka. Kilichochapwa upande mmoja hufifia mgongoni. Asiyeridhika huchomoa uzi mmoja na kuuchoma. Pamba huungua ikaacha jivu laini, uzi wa plastiki huyeyuka na kuganda kama tone. Mambo haya humwambia pasi iwe ya moto kiasi gani na sindano iwe nene kiasi gani.

Kisha vipimo. Futi kamba huzungushwa chini kabisa ya shingo, pale mfupa wa nyuma unapochomoza, na vidole viwili huachwa ndani yake. Fundi mzuri hamwachi mteja asimame kama anayepigwa picha. "Mwalimu, geuka kushoto. Haya, sasa inama kama unasahihisha madaftari." Shingo ya mtu anayeinama kutwa nzima ina mkao wake. Ya mwanamke wa mlimani aliyezoea kubeba mzigo mgongoni kwa kamba inayopita kipajini ina misuli yake, na kola lazima iipe nafasi. Namba inayoandikwa kwa chaki kwenye meza ni moja tu, lakini imebeba kazi ya mtu na maisha yake.

Kukata ndiko kunakomtenga fundi na mwanafunzi. Mwanafunzi hukata ukanda ulionyooka, kwa sababu kola ikilazwa mezani huonekana imenyooka. Lakini shingo ni pana chini na nyembamba juu. Ukanda ulionyooka husimama mbali nayo, ukaacha pengo nyuma na kuchoma chini ya kidevu. Kwa hiyo kola hukatwa kwa tao: ncha zake mbili za mbele huinuka nusu inchi hivi kuliko katikati, ukingo wa juu ukawa mfupi kidogo kuliko wa chini. Ukiitazama mezani tofauti hiyo waweza usiione. Ikishonwa, kola huegea shingoni yenyewe. Tao la shati nalo hupimwa kwenye mstari utakaopita mshono, maana ukingo uliokatwa ni mfupi kuliko mstari huo. Anayepima ukingo hukuta kola imepungua, akaanza kuvuta, na kitambaa kilichovutwa hakisahau.

Halafu kuna picha ya kitenge. Ndege, ua au duara lililochapwa kubwa halikatwi ovyo. Fundi hulitafutia katikati ya kisogo, kisha hupanga pande mbili za mbele zitazamane. Kwa kufanya hivyo kitambaa huliwa, na kwenye pisi ya yadi 6 shati moja zaidi linaweza kupotea. Mafundi wanaojiheshimu humwambia mteja mapema, na mteja anayejua hukubali. Kola iliyobeba nusu ya kichwa cha ndege huonekana hata kwa mtu asiyejua kushona. Atahisi kuna kitu hakikukaa sawa, asijue ni nini.

Ndani ya kola mna kitambaa cha kuipa ugumu, ambacho mafundi hukiita stifu. Hapa pia panahitaji busara. Kitenge cha nta ni kizito tayari, na stifu nzito juu yake huzaa kola inayokwaruza taya. Fundi huchagua nyepesi, akaibandika kwa pasi kwenye upande wa nje peke yake. Upande wa ndani huukata mdogo kuliko wa nje kwa unene wa nyuzi mbili tatu, ili mshono wa juu ujifiche kwa ndani usichungulie. Vipimo vya namna hii haviandikwi popote. Vinakaa kwenye vidole, na huhamia kwenye vidole vya mwanafunzi baada ya miaka.

Anaposhona, sauti ya cherehani hukueleza yuko wapi. Kwenye mstari mrefu miguu hukanyaga kwa mwendo mmoja. Akifika kwenye mviringo wa ncha miguu husimama kabisa. Mkono wa kulia hushika gurudumu na kulizungusha pole pole, tundu kwa tundu, mkono wa kushoto ukigeuza kitambaa. Mshono ukiisha hupunguza pindo la ndani, akalichanja kwa ncha ya mkasi kila baada ya kidogo kando ya tao ili lisijikunje likigeuzwa. Hugeuza kola, akazisukuma ncha kwa kijiti butu zitokeze zote. Ndipo huchukua pasi ya mkaa, akakung'uta majivu, akaijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki.

Kuipachika kola kwenye shati kuna siri moja ambayo wengi hawaijui. Fundi haanzii mwisho mmoja kwenda mwingine. Huanza katikati ya kisogo, akapiga bandi kuelekea mbele upande mmoja, kisha hurudi katikati na kwenda upande wa pili. Tofauti yoyote ya kitambaa hugawanyika sawa, na ncha hukutana zikiwa kimo kimoja. Zikipishana, anafumua. Nilimwona fundi mmoja akifumua kola iliyokwisha kushonwa kwa tofauti ambayo mimi niliyekaa karibu naye sikuiona mpaka aliponionyesha. Alichukua wembe, akakata uzi mmoja baada ya mwingine bila kugusa kitenge, mteja akiwa amekaa hapo anasubiri. Mteja hakulalamika, maana alikuwa amemjia fundi huyo kwa sababu hiyo hasa. Mwishoni kola huzungushwa juu ya kitambaa kilichoviringwa, ikapigwa pasi na kuachwa ipoe ikiwa katika umbo la shingo. Ikipoa imelala bapa, hulikumbuka bapa.

Kwenye magauni kazi huongezeka. Mwanamke akitaka ufunguzi wa mshazari wa qipao, fundi lazima auzuie usivutike, kwa sababu kitambaa kilichokatwa mshazari hulegea kwa uzito wake. Hushonea utepe mwembamba kwa ndani kabla ya kitu kingine chochote. Vifungo vya Kichina ni kazi ya mkono peke yake: ukanda uliokatwa mshazari hushonwa kuwa kamba, kamba ikasokotwa kuwa fundo gumu upande mmoja na kitanzi upande wa pili. Kwa mabaki ya kitenge kilekile fundi hupata vifungo visivyouzwa dukani.

Baada ya hayo yote vazi hutoka likutane na hali ya hewa, na hapa Kasese hali ya hewa ina tabia yake. Wachina huhesabu majira manne na wana nguo ya kila moja. Kwa joto la Guangdong wana hariri iliyotiwa rangi kwa maji ya kiazi cha porini na tope la mtoni, nyepesi na isiyoshikamana na ngozi. Kwa baridi ya kaskazini wana koti lililojazwa pamba. Umbo la kola hubaki lilelile, na kinachobadilika ni kitambaa na tabaka. Sisi tuna mvua mbili kwa mwaka na kiangazi katikati, lakini tuna pia mlima. Ziwa Edward liko kwenye kimo cha mita 900 hivi. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Mtu anaweza kutoka kwenye joto la tambarare asubuhi na kufika kabla ya adhuhuri kwenye mteremko ambako watu wamejifunika. Kwetu msimu hubadilishwa kwa miguu.

Mafundi wanalijua hilo vizuri. Kwa mtu wa tambarare, anayefanya kazi kwenye jua la Mpondwe na vumbi la malori, hupunguza kimo cha kola, huacha tundu la kwanza la kifungo chini ya koo ili hewa ipite, na kumshauri achukue pamba nyepesi. Mikono huwa mifupi na mipana kwapani. Kwa mwalimu anayefundisha kule juu, kola hupanda hadi inchi mbili, mikono hufika kifundoni, na bitana laini huwekwa mgongoni na mabegani. Mwendesha bodaboda huomba kola ya juu hata akiwa wa tambarare, kwa kuwa upepo wa barabarani huingia shingoni. Kola iliyoegea vizuri humkinga bila kumkaba anapogeuza kichwa kutazama nyuma. Msimu wa mvua ukiingia, shati hilohilo huvaliwa chini ya sweta. Kola ya kukunja ikivaliwa chini ya sweta hujikusanya upande mmoja. Ya kusimama hutoka juu ya sweta ikiwa nadhifu kama ilivyokuwa asubuhi.

China nako watu wanatafuta vazi la jadi la kuvaliwa siku ya kazi. Mwaka 2003, katika mji wa Zhengzhou, mfanyakazi mmoja, Wang Letian, alitembea mitaani akiwa amevaa hanfu, vazi la Wahan la kabla ya utawala wa Wamanchu, na wapita njia wakamshangaa. Habari yake ilienea. Leo si ajabu kumwona msichana wa Kichina akienda kazini na sketi ya marinda ya enzi ya Ming juu ya viatu vya raba, na wilaya ya Cao, mkoani Shandong, imejipatia riziki kubwa kwa kushona nguo hizo. Kilichowavutia vijana wale si maonyesho ya sikukuu. Walitaka nguo ya babu zao ipande basi pamoja nao.

Sisi nguo zetu za jadi bado tunaziweka nyingi kabatini. Gomesi hutoka kwa harusi, kwa kanisa na kwa msiba, kisha hurudi. Kitenge kimetangulia, na kimetangulia kwa sababu ya mafundi waliothubutu kukikata kwa namna mpya: shati la kola ya Kichina, sketi ya ofisini, koti jepesi la mvua. Kila mshono wa namna hiyo ni mlango ambao vazi limepitia kuingia kwenye siku ya kawaida.

Kuna jambo moja linalonisumbua moyo. Tambarare za Kasese hulima pamba, na chama cha ushirika cha Nyakatonzi kimeikusanya na kuichambua kwa miongo mingi. Sehemu kubwa ya pamba ya Uganda huuzwa nje ikiwa marobota, kisha pamba ya dunia hurudi hapa ikiwa kitenge kilichochapwa kwingine. Mkulima, muuzaji na mvaaji wanaweza kuwa wa kijiji kimoja, na kati yao pana bahari mbili. Siku ambayo kitenge cha nyuzi za Kasese kitalazwa kwenye meza ya fundi wa Bwera, ufundi wa kukikata utakuwa umeshakisubiri muda mrefu.

Mpaka siku hiyo, sehemu yetu ni ndogo na iko wazi. Mpe fundi muda. Usimletee kitambaa Alhamisi ukitaka shati Ijumaa asubuhi, maana saa unazomnyang'anya ni zile za kulowesha, za kupiga bandi na za kufumua. Mlipe bei ya kola, si ya kuunganisha vipande tu. Mpelekee kijana wako ajifunze, aanze kwa kuchochea mkaa na kuokota pini, afike siku moja kwenye gurudumu la cherehani. Na shati likiisha kushonwa, usilihifadhi kwa ajili ya harusi ya mtu. Livae Jumatatu ukafanye nalo kazi.